Runinga ya Mkwe

Mkwe wangu alipotuletea runinga mpya, niligundua kwamba napofuka.

Sitanii. Runinga ilifika Jumamosi asubuhi juu ya pikapu, ndani ya boksi pana kuliko mlango wetu, pamoja na fundi mmoja mwenye haraka kama anafukuzwa. Mkwe mwenyewe alikuwa safarini kikazi, ila alikuwa ameshamaliza kila kitu na wenye duka, na binti yangu alipiga simu mpaka nikachoka kupokea: imefika, imefungwa, inawaka? Fundi alitoboa ukuta, akaitundika, akachomeka king'amuzi chetu kilekile cha zamani kwa nyaya zake zilezile, ya njano, nyekundu na nyeupe, akawasha. Picha ikatokea. Akasema, "Hongereni," akaenda zake. Ile runinga yetu ya kizamani yenye kisogo kikubwa tukampa shemeji yangu siku hiyohiyo.

Nikajiweka kwenye kochi, nikatazama. Mtangazaji wa habari hakuwa na macho.

Alikuwa na vivuli viwili mahali pa macho, na mdomo uliochezacheza kama umechorwa kwa rangi yenye maji mengi. Mashavu yametanuka, shingo haionekani. Maandishi yanayopita chini yalikuwa utepe mweupe tu wenye vinyweleo. Nikafikicha macho. Nikayafuta kwa kitambaa. Nikatazama tena. Chenga tupu.

Najua utaniuliza kwa nini sikusema tu kwamba runinga ni mbovu. Wewe ungesema. Mimi nina mkwe. Mtu amemuoa bintiyo, hujamwomba chochote, kakuletea kitu kikubwa namna ile, halafu ufungue kinywa useme kina kasoro? Afadhali niume ulimi. Halafu kitu chenyewe kilikuwa kipya, plastiki bado iko kwenye kona zake. Kipya hakiwi kibovu. Mle sebuleni kilichokuwa kizee ni mimi.

Kuna jambo lingine. Mama yangu alipofuka akiwa na umri kama huu wangu. Alianza kwa kulalamika kwamba watu wa mbali wana ukungu. Vya karibu aliviona: alichambua mchele, alitia vifungo kwenye mashati ya baba. Baadaye akaanza kumsalimia mgeni kwa jina la mgeni mwingine, nasi tukacheka, tukidhani anafanya utani. Alipofika hospitali wakamwambia amechelewa. Mpaka anafariki, kila nikiingia chumbani kwake alinipapasa uso kwa mikono yote miwili, aone kama ni mimi kweli, nami nilisimama pale nikijizuia nisilie mikononi mwake.

Na mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kibarazani kwangu, kola, mifuko, marinda, na watu wananijua kwa mshono ulionyooka. Nikivaa miwani yangu ya kusomea natunga uzi kwenye sindano bila taabu. Lakini mama naye alitunga uzi vizuri mwanzoni. Macho yakiniondoka, basi hata mimi nimeondoka.

Nikaamua kuulizauliza kwa ujanja, ili nijue kama wenzangu wanaona ninachokiona.

Wa kwanza alikuwa mume wangu. Yeye ni dereva wa basi la shule ya msingi, mtu wa maneno machache, na kama kuna binadamu asiyejua kusifia, ni yeye. Siku ya harusi yetu aliniambia gauni limenibana. Chakula kikizidi chumvi husema kabla hajakaa vizuri. Mkwe alipokuja kuposa, mzee huyu alimwambia mbele ya washenga kwamba viatu vyake vinapiga kelele. Kwa hiyo jioni ile alipokaa mbele ya taarifa ya habari nikamuuliza, kama mtu asiye na neno, "Baba watoto, unaionaje runinga ya mwenzetu?"

"Safi," akasema.

"Safi safi?"

"Safi kabisa. Kubwa, inaonekana vizuri. Kijana kafanya la maana."

Roho ilinipasuka. Angesema haina maana ningelala vizuri. Mtu ambaye hajawahi kutoa sifa maishani mwake ameangalia picha ileile, kwenye kochi lilelile, akaiona safi kabisa.

Kesho yake nikamwita jirani yangu, mama muuza mitumba, aje aone. Huyu ana macho ya mwewe. Akikagua shati anaona tundu la sindano. Aliingia, akaduwaa mbele ya ule ukuta unaowaka, akaziba mdomo kwa kiganja. Nikamsikia akivuta pumzi. Halafu akasema, "Hongera shoga! Mwenzangu umepata!"

"Picha unaionaje?"

"Weee! Mtu kama yuko hapa sebuleni." "Huyu mtangazaji naye siku hizi amenawiri."

"Hebu nisomee hayo maandishi ya chini. Miwani nimeiacha kwenye cherehani."

Akacheka. "Shoga na wewe! Shule yenyewe niliishia mlangoni, maandishi yanakimbia hivyo nitayashikia wapi?" Na papo hapo akakumbuka ana sufuria jikoni.

Alinipiga chenga, lakini siku ile sikuijua kuwa ni chenga. Nilidhani kweli ana sufuria. Sikufikiria kwamba na yeye ana hofu zake: mtu akikosoa kitu kipya cha jirani, mtaa mzima utasema ana kijicho.

Binti yangu alipopita katikati ya wiki nikamuuliza na yeye. Aliitazama runinga, akanitazama mimi, akaitazama tena. "Nzuri, mama," akasema kwa sauti nyembamba. "Kwani wewe hujaipenda?"

"Nimeipenda sana. Mwambie mwenzio namshukuru, Mungu ampe zaidi."

"Ataifurahia hiyo salamu." Akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Basi ikawa hivyo. Watu watatu, wote wazima, wote wameiona safi, na mimi peke yangu naona watu wasio na macho. Nilianza kuogopa namna ambayo sikuwahi kuogopa hata siku ya kujifungua. Ile hofu ya kujifungua ina mwisho wake, unajua kesho itakuwa imepita. Hii ilikuwa inakaa na mimi mezani, inaamka na mimi. Kila asubuhi kabla sijainuka nilifunga jicho moja nikatazama paa, kisha la pili, nikijaribu kukumbuka kama misumari ya jana ilikuwa wazi zaidi. Kuna siku niliona iko wazi, kuna siku niliona imefifia. Nikitoka nje naangalia mabango ya mbali, namkazia macho mtu anayekuja, natabiri ni nani kabla hajafika. Nikipatia nashukuru. Nikikosea, narudi ndani.

Kazini mikono ikaanza kunisaliti. Nilikuwa na gauni la mwalimu mmoja, kitambaa kizuri, nikapachika mkono wa kushoto bega la kulia. Kosa hilo sikulifanya hata nilipokuwa mwanafunzi wa cherehani. Nikalifumua nikijiambia haya sasa, hata ya karibu yameanza kuondoka. Mteja wa pili aliyekuja na kitambaa nikamwambia mashine imeharibika. Mashine ilikuwa nzima, inaning'iniza uzi mbele yake. Alinitazama kwa mshangao akaondoka.

Mchana mume wangu akiwa kazini nilikuwa nafunga mlango, nafumba macho, natembea nyumbani kwangu kama mgeni. Nilitaka kujifunza mapema. Kutoka kochini hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kitandani, mikono ukutani. Niliigonga stuli mara nyingi mpaka goti likavimba. Siku moja nipo katikati ya mazoezi hayo nikasikia mlango, na mume wangu amesimama kizingitini.

"Leo usafi mpaka kwenye kuta?" akauliza.

"Kuna buibui," nikasema, nikafumbua macho. Akapita zake kwenda kunawa.

Hospitali nilikwenda. Nilifika mpaka foleni ya macho, nikakaa kwenye benchi katikati ya wazee wenye pamba na plasta. Mbele yangu mama mmoja alikuwa ameshikwa mkono na mjukuu wake, kichwa amekiinua juu namna wanavyokiinua wasioona, kama mtu anayesikiliza mvua. Mama yangu alikuwa anakiinua hivyohivyo. Nikasimama, nikamwambia muuguzi nimekosea mlango, nikafyata mkia hadi nyumbani. Nilijitukana njia nzima, lakini miguu ilikataa kurudi. Ndani ya ile foleni kulikuwa na mtu ambaye angeniambia nimechelewa, na maadamu sijamwona, bado hajaniambia.

Jumapili iliyofuata mkwe alirudi kutoka safari, akaja kutuamkia pamoja na mkewe. Kulikuwa na mechi mchana huo. Mume wangu alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake na kikombe cha chai, mimi nimejikunyata pembeni ya kochi nikijifanya natazama, ilhali kwangu mimi uwanja ulikuwa uji wa kijani wenye madoa yanayokimbia. Mpira sikuwa nauona kabisa. Nilikuwa nashangilia kwa kufuata sauti.

"Shikamoo baba, shikamoo mama," mkwe akasema, akavua viatu. Halafu akainua macho ukutani, akasimama vilevile, kiatu kimoja mkononi.

"Mama," akasema polepole, "mnatazama hivi?"

"Hivi vipi, baba?"

"Hii picha! Mbona ni chenga tupu? Hata mpira hauonekani!"

Sikuamini masikio yangu. Nikamwambia arudie. Akarudia, na safari hii uso umemwiva kwa aibu, kama yeye ndiye aliyetengeneza runinga zote duniani. Akasogea ukutani, akapenyeza mkono nyuma ya runinga, akavuta zile nyaya tatu, akagonga paji la uso. "Yule fundi kawaunganishia kile king'amuzi cha kale! Jamani! Mimi nilimwambia angoje kipya, kipo kwenye gari langu mpaka leo!"

Akanieleza, na mimi nikawa namfuata neno kwa neno kama mtu anayesomewa hukumu. Runinga haina ubaya. Picha inayoletwa na king'amuzi cha zamani ni ndogo, ilitengenezwa kwa zile runinga ndogo. Sasa hii ni kubwa, inaivuta ile picha ndogo ijaze kioo chote. Hilo nililielewa kuliko yeye mwenyewe. Chukua kaptula ya mtoto, ivute mpaka imwenee mtu mzima: nyuzi zitaachana, utaona mwili katikati. Kumbe nilikuwa natazama nyuzi zilizoachana.

Alikwenda garini, akarudi na king'amuzi kipya na waya mmoja mnene, akachomeka, akabonyezabonyeza rimoti. Kioo kikawa cheusi. Kisha kikawaka.

Niliona nyasi. Si kijani, nyasi, moja moja, na pale walipozikanyaga zimelala. Niliona jasho kwenye paji la uso la kipa na kamba ya kiatu chake iliyolegea. Niliona mpira. Nikasoma maandishi ya juu, ya chini, ya kwenye fulana, nikayasoma kwa sauti kubwa, yote, hata ya matangazo ya rangi za nyumba, na machozi yananitiririka.

"Mama, nini tena?" binti yangu akanikumbatia.

"Naona!" nikamwambia. "Naona, mwanangu! Nilidhani napofuka kama bibi yako. Wiki nzima hii nimekufa na kufufuka!"

Akajishika kichwa. "Mama, si ungesema! Hata mimi niliona ni chenga tangu ile siku niliyopita hapa. Niliogopa kusema. Niliona wewe unaisifia, nikadhani nikisema nitaonekana namdharau mume wangu mbele yako."

"Na jirani?"

"Jirani alinisimamisha barabarani akaniambia mwambie mama yako picha ile itamuumiza kichwa, ila usiseme nimesema mimi."

Nilicheka, kisha nikapandwa na hasira, kisha nikacheka tena. Nikasimama katikati ya sebule nikawafokea wote, waliokuwepo na wasiokuwepo. "Mlikula njama! Mlikaa hapa mkanisifia uji! Nimemfukuza mteja kwa ajili yenu, nimeumia goti kwa ajili yenu!" Mkwe naye alikuwa anacheka, amejiinamia. Nikamgeukia mume wangu, nikamwelekezea kidole. "Na wewe je? Wewe usiyejua kusifia hata gauni la harusi! Hata wewe ulinidanganya kwa kumwonea haya mkwe?"

Akashusha kikombe. "Mimi sijamdanganya mtu."

"Ulisema safi kabisa."

"Ndiyo. Ilikuwa safi." Akatazama ukutani, kisha akatutazama sisi. "Na sasa hivi ni ileile. Kwani mmebadilisha nini?"

Mkwe alicheka zaidi, akidhani mzee kaleta utani. Binti yangu akacheka. Mimi nilifungua mdomo ili nicheke nao, nikaona uso wa mume wangu. Huyu mtu hana utani. Alikuwa anatusubiri tumjibu.

"Baba watoto," nikasema, "huyo mwenye mpira kavaa namba ngapi?"

Akakaza macho. Niliona anavyoyakunja, ile mikunjo ambayo siku zote nilidhani ni ya jua na barabara. "Namba?" akasema. "Wana namba?"

Mkwe akazima sauti ya runinga. Mume wangu akainuka, akaenda hadi ukutani, akaweka uso karibu na kioo mpaka mwanga ukampaka mashavu, akatafuta kwa muda, akasema, "Saba." Akarudi kukaa. Mchezaji mwenye mpira alikuwa na namba kumi na moja.

Ile hofu yangu ya wiki nzima, ambayo nilikuwa nimeshaiaga na kuifungia mlango, ilirudi yote kwa pamoja, na ilikuwa mara kumi. Kwa sababu mimi nikipofuka nitaharibu gauni la mwalimu. Yeye kesho asubuhi anaingia nyuma ya usukani na nyuma yake kuna basi zima la watoto wa watu, mikoba mgongoni, wengine bado hawajang'oa meno ya utoto. Niliwashonea sare wengi wao mimi mwenyewe.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Nilijua yamepungua kidogo," akasema. "Sikujua yamefika hapa. Nilidhani watu wote wa rika letu wanaona hivi. Wewe ulikaa hapo siku zote hukulalamika."

Niliketi karibu naye nikamshika mkono, ule mkono mgumu wa usukani, nikaukuta una baridi.

"Baba, kesho usiende," binti yangu akasema.

"Barabara ile naijua. Sikuanza kuijua leo wala jana."

"Baba!"

Mabega yalimshuka. Sikuwahi kumwona mume wangu akiogopa. Hata siku zile mbaya za maisha yetu yeye alikuwa wa kuniambia nijikaze kisabuni. Sasa alikuwa anaitazama ile runinga kama mtu anayetazama mlango uliofungwa usoni pake. Halafu akatia mkono mfukoni, akatoa funguo za basi, akaziweka kwenye meza ndogo kando ya kikombe.

"Mpigie mwalimu mkuu," akaniambia. "Mimi sitaweza kumwambia."

Nikachukua simu. Nikabonyeza jina lisilo lake, nikakata, nikaanza upya. Mwalimu mkuu akapokea kwa sauti ya uchangamfu, akaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia nzuri. Nikamwambia kesho atafute dereva mwingine, mume wangu anaumwa. Akauliza anaumwa nini. Nikamtazama mume wangu, naye akatikisa kichwa kunikubalia, nikasema macho.

"Pole sana," mwalimu akasema. "Ya ghafla?"

Kabla sijajibu, mume wangu akaniinamia, akaongea karibu na simu, taratibu, kama anamkabidhi mtu vifaa vya kazi.

"Mwambie na huyo dereva mpya," akasema, "watoto wa viti vya mbele wakianza kupiga kelele 'nyekundu', 'kijani', 'mtu anavuka', asiwagombeze. Si utundu. Asubuhi jua likinipiga usoni sioni taa za barabarani, kwa hiyo mimi ndiye niliyewafundisha."

Kwenye simu mwalimu mkuu alikuwa anaita, "Haloo? Mama? Amesema nini?"